Maswali ya Wasomaji: Kitenzi cha Kutoa katika Kiumbria cha Kale

SWALI LA KWANZA

Mheshimiwa Mhariri,
Nimesoma kwamba Kiumbria, lugha iliyosemwa Italia ya kati kabla ya Kilatini kuenea, ni ndugu wa karibu wa Kilatini. Nilipotafuta kitenzi cha Kiumbria chenye maana ya kutoa au kupa, nilikuta maumbo mengi yasiyofanana: dirsa, dersa, teřa, dirstu, ditu, titu, teřust. Kilatini kina do, dare na dedi. Ni kwa msingi gani tunaambiwa kwamba haya yote ni kitenzi kimoja, tena chenye chimbuko moja na kile cha Kilatini?

JIBU

Ndugu msomaji, shaka yako ni ya haki, kwa maana mtu akiyaweka maneno dirsa na dare kandokando hana sababu yoyote ya kuona udugu kati yao. Uthibitisho haupatikani kwa kulinganisha sura za maneno, bali kwa kufuata kanuni za mwandiko na za sauti hatua kwa hatua. Kitenzi hiki kimebahatika kuliko vingi vya lugha hiyo, kwa kuwa kila hatua inaweza kuonyeshwa katika maandishi yenyewe.

Sehemu kubwa ya tunayoyajua kuhusu Kiumbria inatoka katika mabamba 7 ya shaba nyeusi yaliyopatikana mwaka 1444 katika mji wa Gubbio, ulioitwa Iguvium zamani. Mji uliyanunua mwaka 1456, na hadi leo yamehifadhiwa mjini humo katika jumba la Palazzo dei Consoli. Yaliandikwa kati ya karne ya 3 na ya 1 KK, na yanaeleza ibada na taratibu za chama cha makuhani walioitwa Ndugu wa Atiedi. Jambo muhimu kwa swali lako ni kwamba mabamba hayo yana miandiko miwili. Yaliyo ya zamani zaidi yameandikwa kutoka kulia kwenda kushoto kwa alfabeti ya Kiumbria, iliyotokana na ile ya Waetruski. Ya baadaye yameandikwa kwa herufi za Kilatini, kutoka kushoto kwenda kulia. Zaidi ya hayo, ibada zilizoelezwa kwa ufupi katika Bamba la I zimeelezwa upya, kwa urefu zaidi, katika Bamba la VI na la VII. Kwa hiyo tunazo sentensi ambazo Waumbria wenyewe waliziandika mara mbili.

Tazama mfano huu. Bamba la I linasema: ape erus teřust, pustru kupifiatu rupiname, erus teřa. Bamba la VII linasema: ape erus dirsust, postro combifiatu Rubiname, erus dersa. Maana yake ni kwamba kuhani, akiisha kutoa erus, yaani fungu la sadaka linalogawiwa, apeleke agizo nyuma hadi mahali paitwapo Rubinia, ili huko nako erus itolewe. Sentensi ni ile ile na amri ni ile ile, ila vazi la herufi limebadilika.

Kutokana na jozi hii mengi yanafumbuka kwa mara moja. Alfabeti ya zamani haikuwa na herufi yake ya d, ya g wala ya o, kwa sababu Waetruski walioianzisha hawakuzihitaji. Mwandishi wa Kiumbria alilazimika kuandika t mahali pa d, k mahali pa g na u mahali pa o. Ndiyo maana pustru inalingana na postro. Hata b, ambayo herufi yake ilikuwepo, mara nyingine iliandikwa p, kama katika rupiname na kupifiatu. Basi teřa na dersa hazitofautiani mwanzoni: zote mbili zilitamkwa kwa d. Vivyo hivyo titu na ditu ni neno moja. Nusu ya wingi wa maumbo uliokutatiza ni wingi wa mwandiko tu, si wa lugha.

Inabaki sauti ya katikati, ile iliyoandikwa kwa herufi maalumu katika alfabeti ya zamani (wachapaji wa leo huiandika ř) na kwa herufi mbili, rs, pale Waumbria walipoanza kutumia alfabeti ya Kilatini. Hapa ndipo penye ufunguo wa swali lako lote, nami naomba radhi kwa kukaa hapa kidogo. Sauti hiyo hutokea mara kwa mara mahali ambapo Kilatini kina d iliyotanguliwa na irabu. Mguu, ambao kwa Kilatini una shina ped-, kwa Kiumbria umeandikwa peři katika mwandiko wa zamani na persi katika mwandiko mpya. Kiambishi awali ad- cha Kilatini, chenye maana ya kuelekea, kinalingana na ař- na ars-, kama katika cheo cha ařfertur au arsfertur, kuhani aliyesimamia ibada. Sehemu ya pili ya neno hilo ni kitenzi cha kubeba kilichomo pia katika Kilatini adfero. Hata jina la wale Ndugu, ambalo sisi huliandika Atiedi kwa kufuata Kilatini, ndani ya mabamba limeandikwa Atiieřiur na Atiersiur. Badiliko linalorudi hivyo katika maneno yasiyohusiana kimaana haliwezi kuwa la bahati. Ni kanuni: d kati ya irabu iligeuka kuwa ř.

Tukiirudisha kanuni hiyo nyuma, dirsa inatupa *dida (kinyota huonyesha umbo lililokadiriwa, lisiloandikwa popote katika lugha inayohusika). Na hapa kuna jambo ambalo kila ninapolifikia hunifurahisha: jirani za Waumbria ambao hawakuwa na badiliko hilo la sauti walilihifadhi umbo lile lile tulilolikadiria. Wapaeligni, waliokaa upande wa kusini-mashariki, wametuachia dida, yaani atoe, katika maandishi ya Corfinium. Wavestini wameacha didet, yaani anatoa, katika maandishi ya mtu aliyemtolea Hercules zawadi: duno didet Herclo Iovio. Hatuhitaji tena kukisia; umbo lililopotea kwa Waumbria limesimama jiwe kwa jiwe kwa ndugu zao.

Silabi di- ya mwanzo ni takriri, yaani konsonanti ya kwanza ya mzizi imerudiwa pamoja na irabu i ili kuunda wakati uliopo. Huo ni mtindo wa kale sana katika lugha za Kihindi-Kiulaya. Kigiriki kina didōmi, ninatoa, na Kisanskriti kina dadāti, anatoa, kwa takriri hiyo hiyo isipokuwa irabu. Mzizi wenyewe ni *dō-, ambao wanaisimu wa leo huuandika *deh₃-, na ndio uliozaa pia dunum ya Kiumbria, donum ya Kilatini na dānam ya Kisanskriti, zote zikiwa na maana ya zawadi au kitolewacho. Kilatini hakikuwa kigeni kwa takriri ya wakati uliopo, kwa maana vitenzi sisto na gigno vinayo, lakini katika kitenzi cha kutoa kilichagua do, umbo fupi lisilo na takriri, na kuibakiza takriri katika wakati uliopita tu, dedi. Kwa hiyo ukiuliza kati ya Kiumbria na Kilatini ni kipi kilichohifadhi ujenzi wa zamani wa wakati uliopo, nitajibu bila kusita kwamba ni Kiumbria, hata kama sura yake ya nje imebadilika zaidi.

Niongeze kwamba njia hii ya kufikiri haikuwa dhahiri daima. Kwa karne kadhaa baada ya mabamba kupatikana, wasomaji wake waliyahesabu kuwa ya Kietruski au ya lugha nyingine za mbali, na walitafsiri kwa kubahatisha mfanano wa maneno. Richard Lepsius, aliyeandika juu yake mwaka 1833, aliweka kazi ya kusoma herufi kwenye msingi imara, na Theodor Aufrecht pamoja na Adolf Kirchhoff, kati ya mwaka 1849 na 1851, ndio waliotoa kwa mara ya kwanza sarufi na ufafanuzi wa kina uliojengwa juu ya ulinganisho wa kanuni za sauti.

SWALI LA PILI

Mheshimiwa Mhariri,
Naomba maelezo ya kazi ya kila umbo. Dirsa, dirsans, dirstu na dirsust zinatofautianaje kimatumizi, na viishio vyake vimetoka wapi?

JIBU

Umbo dirsa, na wingi wake dirsans, ni la hali tegemezi, lile ambalo sisi tungelifasiri kwa atoe na watoe. Mahali pazuri pa kuliona ni mwishoni mwa Bamba la V, katika sehemu iliyoandikwa kwa herufi za Kilatini, ambapo umewekwa mkataba wa mwaka kwa mwaka kati ya Ndugu wa Atiedi na jumuiya mbili, Waklaverni na Wakasila. Clauerniur dirsas herti fratrus Atiersir, linaanza andiko: ni sharti Waklaverni wawatolee Ndugu wa Atiedi, kila mwaka, ratili 4 za nafaka bora ya far kutoka shamba la Tlatia, pamoja na chakula cha jioni kwa watu wawili watakaokuja kuidai nafaka, au sarafu 6 za asi badala ya chakula hicho. Kisha zamu inageuka. Ni sharti Ndugu nao wawatolee Waklaverni, katika sikukuu iliyotajwa, mafungu 10 ya nyama ya nguruwe na mafungu 5 ya nyama ya mbuzi, pamoja na chakula au sarafu 6. Wakasila wanadaiwa ratili 6, nao wanarudishiwa mafungu 15 ya nguruwe na 7 na nusu ya mbuzi. Msomaji makini ataona kwamba uwiano umeshikwa barabara: anayetoa mara moja na nusu anapata mara moja na nusu.

Katika mistari hiyo michache kitenzi chetu kimetumika mara nne na kwa maumbo matatu. Waklaverni wanaamriwa kwa dirsas, Wakasila kwa dirsa, na Ndugu wanaamriwa mara zote mbili kwa dirsans. Dirsa ni umoja, kwa kuwa jumuiya ya Wakasila imetajwa kwa jina la umoja, Casilos. Dirsas na dirsans ni wingi ule ule, na tofauti ni ya mwandiko tu, kwa maana n mbele ya s mwishoni mwa neno ilitamkwa hafifu kiasi kwamba mwandishi aliweza kuiacha. Neno herti linalofuata kila mara linabeba maana ya sharti, na limetokana na mzizi her-, kutaka. Irabu a ya dirsa ndiyo alama ya hali tegemezi, ile ile iliyomo katika Kilatini dicat, aseme. Katika hali hii Kiumbria kilidondosha konsonanti ya mwisho ya nafsi ya tatu umoja, ilhali Kioskani, lugha ndugu ya kusini, kiliibakiza kama d. Linganisha Kioskani fakiiad na Kiumbria façia, afanye. Kiishio -ns cha wingi ni cha lugha hizi mbili kwa pamoja, kwani Kioskani kinasema deicans, waseme, pale Kilatini kinaposema dicant.

Dirstu, pamoja na sura zake teřtu, ditu na titu, ni la kuamuru: na atoe. Kiishio -tu kimetoka katika *-tōd, ambacho kimehifadhiwa vizuri zaidi katika Kioskani kwa sura ya -tud, na katika Kilatini cha sheria za kale, kwa sura ya -tod. Kabla ya kiishio hicho palikuwa na irabu fupi, *didetōd, iliyomezwa; ř ikabaki ikigusana na t, nayo katika baadhi ya maandiko ikadondoka kabisa. Hiyo ndiyo njia ya kutoka dirstu hadi ditu. Hatuna haja ya kudhani vitenzi viwili, kwa kuwa ditu na dirstu hutokea katika Bamba lile lile la VI zikiwa na yambwa ile ile, erus. Amri hii ndiyo inayotawala mabamba, kama inavyotarajiwa katika maandishi yanayomwelekeza kuhani kitendo baada ya kitendo; hali tegemezi hutumika zaidi pale agizo linapotegemea kitenzi kingine, kama sharti la Bamba la V au agizo la Rubinia nililolitaja katika jibu la kwanza.

Dirsust, au teřust, ni wakati wa tatu: atakapokuwa amekwisha kutoa. Hutanguliwa na neno ape, yaani mara baada ya, na huonyesha kwamba hatua moja ya ibada lazima ikamilike kabla ya nyingine kuanza. Alama yake ni -us-, inayofuatwa na t ya nafsi ya tatu. Kwa wingi tunapata -urent, kama katika eiscurent, watakapokuwa wamedai, ambalo limo katika mkataba wa Bamba la V nililousimulia. Usishangazwe na s ya umoja na r ya wingi. S iliyokaa kati ya irabu iligeuka r katika Kiumbria kama ilivyogeuka katika Kilatini, lakini mbele ya t haikuguswa. Shina la dirsust halikutoka katika wakati uliopo bali katika wakati uliopita wenye takriri ya e, yaani *ded-, na sura ya zamani teřust inaonyesha e hiyo waziwazi. Irabu i ya dirsust inaelezeka kwa mvuto wa dirsa na dirstu, kama vile dersa, kinyume chake, ilivyopata e.

SWALI LA TATU

Mheshimiwa Mhariri,
Sanamu ya Todi ina maandishi ya Kiumbria yenye neno dede, alitoa. Ikiwa d kati ya irabu hugeuka ř, mbona hapa haikugeuka? Pia, je, purdovitu, amri ya kutolea miungu sadaka, ni ya kitenzi hiki hiki?

JIBU

Sanamu unayoitaja ni ya shujaa aliyevaa deraya, iliyofukuliwa Todi mwaka 1835 na kuwekwa katika makumbusho ya Vatikani, nayo huhesabiwa kuwa ya mwisho wa karne ya 5 au mwanzo wa karne ya 4 KK. Maandishi yake ni mafupi: Ahal Trutitis dunum dede, yaani Ahal Trutitis alitoa zawadi. Jina la mtoaji linadhaniwa kuwa la asili ya Kikelti, lakini sentensi ni ya Kiumbria safi, na inatupa wakati uliopita ambao mabamba ya Gubbio, kwa kuwa yanaagiza na hayasimulii, hayana nafasi kubwa nao.

Asili ya dede haina utata: ni shina lile lile la takriri ya e lililomo katika Kilatini dedit na katika Kioskani deded. Hilo la Kioskani linajulikana hasa kwa maandishi ya Pompeii, ambapo Vibius Adiranus ametajwa kwamba aliitolea fedha jumuiya ya vijana wa mji kwa wosia wake. Mwishoni utaona tena tofauti ileile niliyoieleza juu ya fakiiad na façia, Kioskani kikishika d na Kiumbria kikiiacha.

Kuhusu d ya katikati, hoja mbili zina uzito. Ya kwanza ni umri, kwa kuwa sanamu imeyatangulia mabamba kwa zaidi ya karne moja. Ya pili, ambayo mimi naiona kuwa na nguvu zaidi, ni mvuto wa takriri yenyewe. Katika dede msemaji alisikia silabi moja ikirudiwa mara mbili, na kila sikio lililozoea vitenzi vya aina hiyo lilitarajia konsonanti ya pili ifanane na ya kwanza. Matarajio hayo yanaweza kuirudisha d hata pale kanuni ya sauti ilipokuwa imekwisha kuigusa. Katika teřust, kinyume chake, silabi ya pili ina irabu nyingine na kiishio kirefu, takriri haisikiki tena kwa urahisi, na kanuni ikafanya kazi yake bila kizuizi. Dede na teřust, basi, ni shina moja.

Purdovitu, au purtuvitu kwa mwandiko wa zamani, inahusiana na kitenzi hiki kwa mzizi, si kwa shina. Sehemu yake ya kwanza, pur-, ni kiambishi awali kinacholingana na por- ya Kilatini, mbele. Sehemu ya pili wengi huihusisha na tawi la mzizi *dō- lenye nyongeza ya u, lile lililotoa katika Kilatini cha kale duim, nitoe. Halina takriri, ndiyo maana d yake, ikiwa baada ya r na si kati ya irabu, imebaki d. Wakati wake wa ukamilifu umejengwa kwa njia nyingine kabisa, purdinsiust, na kitendewa chake ni purditom.

Katika matumizi, vitenzi hivi viwili havichanganywi. Purdovitu ni kumtolea mungu sadaka kwa ibada, na dirstu, pale inapotajwa erus, ni kugawa fungu lililoambatana na vipande vilivyokatwa. Andiko la Bamba la VI linaeleza jambo hilo kwa maneno matatu, proseseto erus ditu: kwa vipande vilivyokatwa, na atoe erus.